Kitalu cha Mzee na azalea zangu saba: tathmini baada ya misimu mitatu

Sikutaka kuandika mapema. Siku ya kununua, kila mche umesimama wima na kila jani linang'aa, na huwezi kujua umeuziwa nini. Miche yangu nilinunua Oktoba 2022, na tangu hapo nimeziona azalea zangu, hivi vichaka vya maua vya bustani, zikichanua mara tatu, zikipita baridi na joto la mwezi wa nane. Ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho uani kwangu, kaunti ya DeKalb, mashariki ya Atlanta, Georgia.

Jina la kitalu sitaliandika, mwenyewe ameniomba. Ana umri wa miaka sabini na kitu, anafanya kazi na mjukuu wake tu, na wateja wa Jumamosi wanamtosha. Nitamwita Mzee, kwa sababu ndivyo ningemwita angekuwa wa kwetu. Waswahili wa huku mnaonijua niulizeni, nitawapeleka. Wa mbali, angalieni anavyofanya kazi kisha mtafute wa aina yake mahali mlipo.

Nianze na hasara, maana ndiyo iliyonifikisha kwake. Aprili 2022 nilinunua azalea tatu kwenye duka kubwa la vifaa vya nyumba. Zilikuwa zimefunikwa maua, hata majani huyaoni. Hakuna aliyeniuliza nazipeleka wapi. Nikazipanda mbele ya nyumba, zimegusana na msingi wa zege, chini ya dirisha la sebule, jua la mchana kutwa. Nikachimba shimo refu kama la mgomba. Na kwa kuwa mimi ni mtoto wa Bumbuli, Lushoto, nikafanya kama mama alivyofanya kwenye bustani yake ya mboga: nikatia majivu.

Kufikia Juni majani yamekuwa ya njano huku mishipa yake imebaki kijani. Nikaongeza maji, nikaongeza mbolea. Jirani yangu Mama Neema, mtu wa Bukavu, alikuwa akipita kwenda kazini akasimama kwenye uzio: "Dada, hii maua yako iko nakufa." Nikamwambia zinazoea tu. Agosti nikazing'oa zote tatu, na mzizi wa kila moja ulikuwa bado na umbo la chungu chake cha plastiki, haukuwa umetoka hata inchi moja kuingia kwenye udongo. Ule mzizi uliniuma kuliko pesa. Baba yangu alikuwa na shamba dogo la chai, majani tukipeleka kiwandani Mponde, na mimi nimekua nikijua mmea unataka nini. Nikajiuliza nimekosea wapi.

Mfanyakazi mwenzangu kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi ya usiku ndiye aliyenielekeza kwa Mzee. Unaendesha kama dakika arobaini, lami inakuwa nyembamba, halafu kuna njia ya changarawe inayoingia katikati ya misonobari. Hakuna bango kubwa. Utaona kivuli cha wavu mweusi na safu za vyungu chini yake, na mbwa mmoja mzee asiyebweka.

Nilifika nikiwa na pesa mkononi, nikamwambia nataka azalea tatu za zambarau zenye maua. Akanijibu kwamba ni mwezi wa kumi, azalea zake hazina maua, na kwamba huo ndio mwezi wa kununua. Halafu akaanza kuniuliza. Mlango wa nyumba unatazama wapi? Jua la asubuhi linapiga upande gani, la alasiri upande gani? Mvua ikinyesha, maji yanasimama wapi na kwa muda gani? Zege liko umbali gani? Nilipomwambia habari ya majivu alinyamaza kidogo, akauliza kwa nini niliyatia. Nikamweleza kwamba kwetu majivu ni mbolea. Akasema ni kweli, kwa kabichi. Azalea inataka udongo mchachu, pH (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mwingi) kati ya 4.5 na 6, na majivu yanaua uchachu kama chokaa. Na zege nalo lina chokaa. Mvua ikilichuruza miaka na miaka, udongo wa kando ya msingi hauwi tena ule wa Georgia. Udongo ukikosa uchachu, chuma kilichomo ndani yake kinajifunga, mizizi haiwezi kukichukua hata kama kipo tele. Ndiyo ile njano yenye mishipa ya kijani.

Hapo nikamwambia, basi ni kama chai. Akanitazama. Nikamweleza kuhusu baba. Tangu siku hiyo hanielezi jambo bila kuniuliza chai inafanywaje.

Lakini siku ile hakuniuzia. Nilikuwa na pesa, nimeendesha dakika arobaini, na akanirudisha nyumbani mikono mitupu nikapime udongo kwanza. Nilikasirika. Sasa ninaona kwamba hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote nilichokipata pale.

Huduma ya kupima udongo ni ya ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Georgia, na kila kaunti inahudumiwa. Kwetu tungesema ofisi ya bwana shamba. Unachimba sehemu kadhaa hadi inchi 6 kwenda chini, unachanganya, unakausha, unajaza kama vikombe viwili, unapeleka ofisini. Wao wanatuma maabara Athens, na majibu yanakuja kwa barua pepe. Ada ni ndogo, ndogo kuliko bei ya mche mmoja. Nilipeleka sampuli mbili. Mbele ya nyumba, kwenye zege na majivu yangu: 6.7. Nyuma, chini ya misonobari miwili ambayo mume wangu alitaka kuikata: 5.2. Mita ishirini tu kati ya sehemu hizo mbili. Kama nisingepima ningepanda tena palepale mbele na kulaumu mbegu.

Watu kwenye kundi letu la WhatsApp walinishauri nimwage masimbi ya kahawa mbele ya nyumba. Nilimuuliza Mzee. Akasema masimbi ya kahawa iliyokwisha kupikwa hayana uchachu wa maana, uchachu umeshanywewa; ni mboji tu kama mboji nyingine. Kinachoshusha pH ni salfa, nayo inachukua miezi, na pale kwenye zege utairudia maisha yako yote. Akasema panda nyuma.

Niliporudi na karatasi yangu ya majibu, alinitembeza. Sasa niwaambie namna anavyouza, maana sijaiona kwingine. Haanzi na picha ya ua. Anashika mche, anaugeuza kichwa chini, anautoa kwenye chungu na kukuonyesha mizizi. Mizizi ya azalea ni laini kama nywele, na inakaa juu juu tu. Alinionyesha mmoja wenye mizizi myeupe iliyofika ukingoni na kusimama, akaniambia huu uko tayari. Akanionyesha mwingine ambao mizizi yake imezunguka chungu mara kadhaa hadi imesukana kama ukili, akaurudisha pembeni, hauuzi mpaka auhamishe chungu. Nikazikumbuka zile tatu zangu. Zote zilikuwa ukili.

Nilichukua saba, za aina nne. George L. Taber mbili, ambazo ua lake ni jeupe lililopakwa waridi hafifu na madoa ya rangi iliyokoza kooni. Formosa moja, ile ya zambarau kali inayoonekana kila mtaa wa zamani huku Kusini. Gumpo tatu, fupi, za kukaa mbele. Na moja ya porini ya hapa hapa, *Rhododendron canescens*, inayopukutisha majani wakati wa baridi. Taber na Formosa zilikuwa kwenye vyungu vya galoni 3, dola 24 kila moja. Gumpo galoni 1, dola 12. Ile ya porini dola 45 kwa sababu inakua polepole. Jumla dola 153 kabla ya kodi. Nilitaka Formosa mbili niweke chini ya dirisha. Alinikataza: inafika futi 8 na kupita, dirisha halitaonekana, na kila mwaka utakuwa unaikata kichwa hadi ichoke. Alijipunguzia mauzo mara ya pili.

Kupanda alinionyesha kwa mikono, pale pale kwenye udongo wake mwekundu wa mfinyanzi ambao ni sawa na wangu. Shimo liwe pana mara mbili tatu ya chungu, lakini kwenda chini lisizidi urefu wa chungu. Tena mche ukae juu kidogo ya usawa wa ardhi, inchi moja au mbili, kama umeketi kwenye kigoda. Mfinyanzi unashika maji, na azalea iliyozama kwenye maji inashikwa na ukungu wa mizizi ambao hauna tiba ya kutegemea. Alipasua mizizi kwa kisu, mara nne ubavuni, nikashtuka. Akasema usipoipasua itaendelea kuzunguka chungu ambacho hakipo tena. Nilikuwa nimeliona hilo mwenyewe mwezi wa nane. Udongo wa kurudishia ni ule ule uliotoka, umechanganywa na magome ya msonobari yaliyosagwa. Juu yake matandazo ya majani ya msonobari, inchi 2 hadi 3, yasiguse shina. Marobota ya majani hayo anayauza, lakini kwangu yanaanguka yenyewe kutoka kwenye misonobari ile ile iliyotaka kukatwa. Imebaki.

Baada ya hapo maji, kama inchi moja kwa wiki mvua isipokuja, na mwaka wa kwanza usiyaamini mawingu.

Miezi miwili tu baadaye ikaja ile baridi ya Krismasi ya 2022. Atlanta ilishuka hadi karibu nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri. Asubuhi yake majani ya Taber yalikuwa yamejikunja kama sigara, na ya Formosa yamebadilika kuwa kahawia. Ile ya porini ilikuwa vijiti vitupu, nikajua imekufa. Nilimpigia Mzee nikiwa nusu nalia. Aliniambia nisikate kitu, nisitie mbolea, nikwaruze gome kwa ukucha: chini yake kukiwa kijani, subiri. Nikakwaruza. Kijani. Formosa peke yake ilikuwa na matawi mawili yaliyopasuka gome, hayo nilikuja kuyakata Aprili.

Mwishoni mwa Machi 2023, wakati chavua ya misonobari imefunika magari yote kwa unga wa njano, vile vijiti vya porini vilitoa maua kabla ya kutoa jani. Maua membamba kama tarumbeta, waridi hafifu, ndevu ndefu zimetoka nje, na harufu tamu iliyofika hadi mlango wa jikoni. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikakaa kwenye ngazi na sare yangu ya kazi mpaka jua likapanda. Azalea ndiyo ua la porini rasmi la jimbo la Georgia tangu 1979, na mimi nilikuwa nimeishi huku miaka kumi na moja bila kujua kwamba kuna azalea ya hapa, achilia mbali yenye harufu. Zile nyingi za kwenye barabara asili yake ni Japani na China. Hii haikutoka kokote.

Taber zilifuata katikati ya Aprili, maua machache mwaka ule kwa sababu baridi iliua vitumba vingi. Mwaka 2024 zilijaa. Gumpo huchelewa, zinachanua Mei kuingia Juni, hivyo nina maua kwa zaidi ya miezi miwili kutoka kwenye miche saba. Mpango huo ni wa Mzee. Mimi ningenunua saba za rangi moja na ningekuwa na wiki mbili za furaha.

Ili nieleze kwa haki, na kasoro zake ni hizi. Kitalu kinafunguliwa Alhamisi hadi Jumamosi tu, na ukifanya kazi za zamu hilo ni tatizo kweli. Hapokei kadi, njoo na pesa taslimu au hundi. Hapeleki miche nyumbani. Mvua ikinyesha, njia ya changarawe inakuwa tope na gari dogo linaweza kukwama. Na vibandiko vyake vimefifia kwa jua: Gumpo moja niliyouziwa kama nyeupe ilichanua waridi. Nilipomwambia alitaka kunipa nyingine bure na hakutaka ya zamani irudishwe. Nilikataa, maana nimeshaizoea, lakini ukitaka safu yenye rangi moja hilo litakuudhi, na una haki ya kuudhika. Tena hana zile azalea za Encore zinazochanua masika ya huku (Machi hadi Mei) na kurudia vuli (Septemba hadi Novemba), alizozitengeneza Robert Lee wa Louisiana. Ukizitaka hizo nenda kwingine.

Huduma baada ya kununua ndiyo inayoniondolea malalamiko hayo. Aprili 2024 majani machanga ya Formosa yalivimba, yakawa manene kama sikio, kijani hafifu kisha meupe kama yamepakwa unga. Nilikuwa tayari nimeshaingia dukani kununua dawa. Nikamtumia mjukuu wake picha. Jibu lilikuja jioni: ni kuvu, inaletwa na masika ya mvua, haiui mmea, yachume kwa mkono kabla hayajawa meupe, yatie kwenye mfuko, tupa na taka, usiyaache chini. Sikutumia hata senti moja.

Mwezi wa saba mwaka ule ule Taber moja, ile inayopigwa na jua la alasiri, ilianza kupauka. Majani yalikuwa na vidoa vingi vya kijivu juu, na ukiligeuza jani chini kuna chembe nyeusi kama za wino na vidudu vidogo vyenye mbawa za kitambaa cha lasi. Mzee aliniambia nivipige na maji ya mpira kwa nguvu, kutoka chini kwenda juu, kila siku chache, na vikizidi nitumie sabuni ya kuulia wadudu. Lakini akaniambia pia kwamba hao wanapenda azalea iliyo juani, kwa hiyo dawa yenyewe ni kivuli. Novemba niliihamisha mita tatu. Mizizi yake ni ya juu juu, inahamishika bila shida ukibeba na udongo wake. Mwaka 2025 sikuona kidoa.

Suala la kupogoa limewaponza wengi ninaowajua, ndiyo maana nalikazia. Azalea hizi za masika zinatengeneza vitumba vya mwaka ujao katikati ya kiangazi cha huku (Juni hadi Agosti). Ukipogoa vuli, wakati watu wengi huku wanasafisha nyua zao, unakata maua ya mwaka ujao yote, halafu Aprili unashangaa una kichaka cha majani matupu. Pogoa mara tu maua yakiisha, umalize kabla ya mwezi wa saba. Tena kata tawi moja moja kwenda ndani, usinyoe kwa mashine kama uzio. Mbolea kidogo, baada ya maua, basi.

Na matawi uliyokata usimpe mnyama. Mama Neema anafuga mbuzi wachache kwa rafiki yake nje ya mji, alikuja akaona rundo la majani mabichi akafurahi, alikuwa ameshaanza kulifunga kamba. Nilimkimbilia. Azalea yote ni sumu kwa mbuzi, jani na ua, na hata kiasi kidogo kinaweza kumlaza mnyama. Mbwa vilevile. Wenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni, wafundisheni mapema.

Ningetoa nyota tano. Natoa nne na nusu, nusu naikata kwa vibandiko, na nimemwambia mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa saba Mzee alituambia mimi na mume wangu twende Pine Mountain, kwenye bustani ya Callaway Gardens, tukaone azalea inayochanua katikati ya joto. Inaitwa *Rhododendron prunifolium*, ni adimu, kwao ni mpakani mwa Georgia na Alabama. Cason Callaway aliiona mwaka 1930 akitembea porini, akachuma tawi, mkewe Virginia akaitambua, na upendo wao kwa ua lile ulichangia bustani hiyo iliyofunguliwa 1952. Tuliikuta kivulini kando ya kijito, nyekundu ya machungwa yaliyoiva, wakati kila kitu kingine kimelegea kwa jua. Mume wangu, yule wa kukata misonobari, aliuliza tutaipanda wapi.

Mzee anazo chache anazozikuza kwa mbegu, haziko tayari. Ameandika jina langu kwenye daftari, mimi ni wa nne. Oktoba hii nitapita kuuliza, na nitabeba vile vyungu saba vitupu, maana kila chungu ukikirudisha anakupunguzia dola moja.